Lualaba ina Rangi Gani? Historia Fupi ya Rangi katika Picha za Wasafiri

1. Neno la kufungulia

Mkutano wa mwisho wa kutengeneza kitabu hiki tulidhani utakuwa wa saa moja. Lilibaki jambo moja tu, picha ya ganda. Kijana mmoja wa kwetu hapa Alunguli, fundi wa foto, alikuwa amevuka mto mara tatu, kwenda Kasuku na kurudi, asubuhi na jioni, akitafuta picha ya mitumbwi. Alipoipata akatuletea katika telefone yake. Picha ilikuwa nzuri. Maji yalikuwa ya buluu yenye kuelekea rangi ya majani, mbingu ilikuwa ya machungwa, ngozi za wapiga kasia ziling'aa kama shaba iliyosuguliwa, na pembe zote nne zilikuwa na giza kidogo, sawa na sinema. Vijana wakapiga makofi.

Mzee mmoja aliyezaliwa kando ya mto, aliyevua samaki humo miaka yote ya nguvu zake, akaomba telefone. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akauliza:

« Batoto, hii mayi mulitosha wapi? »

« Ni mayi yetu, papa. Ni Lualaba. »

« Lualaba haina rangi hii. Pengine mulifika ku Tanganyika. »

« Ni filtre tu, papa. Tuliweka filtre ya sinema. »

« Basi mutoshe iyo filtre, tuone mayi. »

Watu wakacheka, lakini mkutano haukuisha. Wengine walisema: picha ni sanaa, msiwafunge vijana mikono. Wengine wakajibu: kitabu chetu ni cha mila na historia, mjukuu atakayekifungua miaka hamsini ijayo atadhani mto wa babu zake ulikuwa wa buluu. Saa moja ikawa tatu, na jua likatua tukiwa bado katika picha moja.

Tuliporudi nyumbani tuliona kwamba mabishano yale hayakuanza na telefone. Wageni wamepiga picha za nchi hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila kizazi cha wapiga picha kilikuwa na rangi zake, mara kwa kukosa njia, mara kwa kutaka. Insha hii inafuata njia hiyo, kisha itarudi kwa ile picha ya ganda.

2. Kwetu rangi ni maneno

Tusianze kwa kusema kwamba kubadilisha rangi ni uongo. Wazee wetu wasingekubali. Katika mila nyingi za Maniema na za jirani zake mtu hakutoka mbele ya watu katika sherehe kubwa na rangi ile ile aliyoamka nayo. Kulikuwa na udongo mweupe, pemba. Kulikuwa na unga mwekundu wa mti, ambao pande nyingi za Kongo wanauita nkula ama tukula. Kulikuwa na weusi wa makaa. Rangi hizi tatu zilisema: huyu anaingia, huyu anatoka, huyu ameponyeshwa, huyu yuko kati ya wazima na wafu.

Kwa Walega, chama cha Bwami kilikuwa na vinyago vidogo vilivyopakwa pemba usoni, na vitu vya pembe ya tembo vilivyopakwa mafuta na kushikwa mikononi mpaka vikapata rangi ya asali. Rangi ile haikuja siku moja. Ilikuja kwa miaka ya kushikwa, na mwenye kujua aliisoma kama vile sisi tunavyosoma tarehe kwenye barua. Serikali ya kikoloni iliupiga Bwami marufuku mwaka 1933, na tena mwaka 1948, na vitu vingi vikaishia katika makabati ya Ulaya.

Basi swali letu linatuhusu sisi wote: rangi imewekwa na nani, kwa kusema nini, na mtazamaji ameelezwa ama hapana? Mtu aliyepakwa pemba, kijiji chote kinajua kwamba ni pemba. Hakuna anayedhani amezaliwa mweupe.

3. Sahani zisizoona wekundu

Wasafiri wa kwanza waliopita katika nchi za Waswahili na kamera walikuwa na shida. James Grant, aliyefuatana na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini mashine ile ya sahani za kioo na dawa za maji ilimshinda njiani, akabaki na kalamu na rangi za kuchora. Ndiyo maana safari nyingi za wakati ule tunaziona kwa michoro tu. Soko la Nyangwe, ambako Livingstone aliyaona mauaji ya Julai 1871, na ambako Stanley alifika mwaka 1876, lilijulikana Ulaya kwa maneno ya vitabu na kwa mkono wa mchoraji ambaye hakufika huko.

Picha zilipokuja kuwa nyingi, zilikuja na upofu. Sahani za zamani zilisikia mwanga wa buluu tu. Baadaye, toka miaka ya 1880, zikaongezewa uwezo wa kuona rangi ya majani na manjano. Lakini wekundu zilikuwa haziuoni. Sahani zenye kuona rangi zote zilianza kuuzwa mwaka 1906, na hata hapo wapiga picha wengi walikawia kuzitumia.

Tufikiri maana yake kwetu. Mbingu ya buluu ilitoka nyeupe, tupu, kama haina mawingu. Barabara yetu ya udongo mwekundu ilitoka na giza. Ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kupita jinsi ilivyo. Na mwali aliyepakwa unga mwekundu mwili mzima, ambaye mama zake walishinda siku nzima wakimsugua ili ang'ae mbele ya watu, alitoka mweusi kama aliyepakwa makaa. Yaani sherehe ya wekundu, katika kioo cha mgeni, iligeuka sherehe ya weusi. Hakuna aliyedanganya. Dawa yenyewe ndiyo iliyochagua. Lakini Ulaya waliipokea picha ile kama ushahidi, na maneno juu ya « Afrika ya giza » yalikuwa tayari yanangoja.

Wenyewe walijua upungufu huo. Charles Lemaire alipoongoza msafara wa kisayansi Katanga, mwaka 1898 hadi 1900, alichukua watu wawili wa picha: François Michel kwa kamera, na Léon Dardenne kwa brashi. Wa kwanza alete umbo, wa pili alete rangi. Tuwaweke akilini watu hawa wawili, tutakutana nao tena mwishoni.

4. Rangi zilizopakwa mbali

Reli ya kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilimaliza kipande cha Stanleyville mpaka Ponthierville mwaka 1906, na kile cha Kindu mpaka Kongolo mwaka 1911. Mji wetu ukaitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la tajiri wa Ubelgiji mwenye reli. Pamoja na treni na mashua ya moshi zikaja kadi za posta: gati, kituo, nyumba za wazungu, mitumbwi.

Desturi ya kadi za wakati ule, toka Unguja mpaka Boma, ilikuwa hivi. Mpiga picha alipeleka picha nyeusi-nyeupe Ulaya. Huko, katika kiwanda cha uchapaji, mafundi waliipaka rangi ama waliichapa na mawe ya rangi juu yake. Fundi hakuwa amefika Afrika. Aliambiwa labda: mitende, maji, watu. Basi akaweka majani ya mitende kijani cha bustani ya Ulaya, maji buluu ya bahari ya kwao, nguo nyekundu kwa huyu na manjano kwa yule, ili kadi iwe changamfu. Kadi ile ile ikichapwa tena mwaka mwingine, mtu aliyevaa nyekundu aliweza kuonekana amevaa buluu.

Ndiyo filtre ya kwanza. Haikuwa katika telefone, ilikuwa katika mkono wa mtu aliyelipwa kwa kazi ya siku. Na mnunuzi hakuambiwa.

Baadaye Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefungua studio yake Léopoldville mwaka 1924, alizunguka Kongo na nchi za jirani, akatoa kadi mamia alizozipa jina la Kifaransa lenye maana ya « Afrika inayotoweka ». Zake hazikuwa na rangi za kuchezacheza. Ni picha za fundi kweli. Lakini jina lile nalo lilikuwa rangi. Mtazamaji alifundishwa kuona huzuni kabla hajaona uso. Hata leo kijana akitaka picha ionekane na heshima ya zamani anaigeuza kahawia, rangi ya picha za albamu ya babu. Zamani kahawia ile ilikuwa dawa: fedha ya picha iligeuzwa kwa salfa ili isiharibike upesi. Tumebaki na rangi, tumesahau dawa.

5. Technicolor inafika upande wa Lualaba

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wa Kindu hawalijui, nalo lilitokea chini kidogo ya mto wetu. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alileta watu wake wa sinema katika mto Ruiki, unaoingia Lualaba, pande za Biondo na Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Walikuwa wanatengeneza The African Queen, kwa kufuata kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Katharine Hepburn na Humphrey Bogart walikuwa ndani, na Bogart alipata Oscar kwa kazi ile.

Mtu wa kamera alikuwa Mwingereza Jack Cardiff. Kabla ya vita alikuwa amezunguka dunia akipiga filme fupi za safari kwa rangi, na mwaka 1947 aliipiga Black Narcissus, iliyompatia Oscar. Alisema daima kwamba walimu wake wa mwanga ni wachoraji.

Kamera ya Technicolor ilikuwa sanduku zito la kubebwa na watu kadhaa. Ndani yake kioo kiligawa mwanga, na filme tatu zikazunguka pamoja, zote nyeusi-nyeupe: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Rangi zenyewe ziliwekwa nyuma, kiwandani, kwa kugandamiza wino tatu mmoja juu ya mwingine. Kwa hiyo hata sinema ile inayoonekana kama dirisha wazi ilikuwa picha iliyopakwa. Tofauti na fundi wa kadi ni kwamba hapa rangi ilipimwa, na kampuni ya Technicolor ilikuwa na watu wake wa kushauri kila nguo na kila ukuta.

Tena kuna jambo lingine. Hadithi ya filme ile si ya Kongo. Ni ya mwaka 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi, Tanzania ya leo, na mto unaitwa Ulanga. Basi Ruiki yetu ilivaa jina la mto mwingine. Vipande vingine vilipigwa Uganda, upande wa maporomoko ya Murchison. Na zile fasi ambazo wachezaji wanaingia majini mpaka shingoni zilipigwa London, katika birika, kwa kuogopa magonjwa ya maji yetu. Wengi katika kundi waliugua vibaya. Husimuliwa kwamba Huston na Bogart walipona kwa sababu waliacha maji wakanywa whisky!

Kijani kile kizito cha msitu na maji yale meusi yenye kung'aa viliingia machoni mwa dunia. Mgeni akija leo Maniema na kamera, hata kama hajui jina la Cardiff, anakitafuta kijani kile. Akikikosa anakitengeneza.

Miaka michache baadaye, mwaka 1958, Fred Zinnemann naye alikuja Stanleyville kwa The Nun's Story, iliyotoka mwaka 1959, na Audrey Hepburn akicheza mtawa. Zinnemann alikuwa na wazo: Ubelgiji ipigwe nyeusi-nyeupe, Kongo ipigwe kwa rangi. Wakubwa wa kampuni wakakataa, filme yote ikawa ya rangi. Wazo lile tulipime. Upande mmoja ni sifa: kwetu ndiko kwenye uzima. Upande mwingine ni mzigo: Ulaya ina mawazo, Afrika ina rangi. Mpaka leo tunaubeba mzigo huo. Mpiga picha akirudi kwao toka hapa na picha za mvua, za ukungu, za watu waliovaa nguo za kijivu wakienda ofisini, wataona kama hakufika.

6. Mtu aliyezitawala rangi

Eliot Elisofon wa New York, mpiga picha wa gazeti la Life, alifika Kongo mwaka 1947 na mara nyingi baadaye. Ndiye aliyempiga picha mfalme wa Wakuba amevaa mavazi yake yote ya ufalme. Mwaka 1951 alikuwa Ruiki pamoja na watu wa The African Queen akipigia gazeti lake.

Elisofon hakuamini kwamba rangi ni kazi ya Kodak peke yake. Aliweka vioo vya rangi mbele ya kamera, akafanya jioni iwe ya buluu zaidi ama asubuhi iwe ya moto zaidi, kwa kufuata jinsi alivyosikia moyoni mbele ya fasi ile. Huston alilipenda jambo hilo, akamchukua kuwa mshauri wa rangi wa filme yake Moulin Rouge ya mwaka 1952, ambayo walitaka ifanane na michoro ya Toulouse-Lautrec. Walitumia moshi, vioo vya ukungu na taa za rangi, hata watu wa Technicolor wakanung'unika kwamba rangi zao zinaharibiwa.

Kwa hiyo ndoa kati ya picha ya safari na rangi ya sinema, ambayo vijana wetu wanadhani ilifungwa na telefone, ilikuwa na mshenga tangu wakati ule, na mshenga huyo alitembea katika udongo wa Kongo. Elisofon alifariki mwaka 1973. Picha zake, makumi ya maelfu, ziko Washington katika jumba la sanaa ya Afrika, na kumbukumbu hiyo ina jina lake. Wasomi wanazitumia kujifunza mila zetu. Ni hazina. Lakini anayezisoma akumbuke kuuliza pia: siku ile kulikuwa na kioo gani mbele ya kamera?

7. Ngozi zetu na kadi ya Shirley

Tungali katika rangi, na hapa jambo linaingia katika nyumba zetu. Mmoja wetu ana picha ya ndoa ya rangi. Filme ilipelekwa mbali kuoshwa, ikarudi baada ya miezi. Gauni la bibi arusi linaonekana kila uzi. Keki inaonekana. Nyuso za maarusi hazionekani: ni meno na macho. Mama wa bwana arusi, aliyesimama nyuma, tunamjua kwa kitambaa tu. Ameisha kufa, na picha nyingine ya siku ile haiko.

Tulidhani ni kosa la mpiga foto, ama ni la jua. Baadaye tulielewa. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilipeleka kwa waoshaji wa picha kadi ya kupimia rangi, yenye sura ya mwanamke mzungu. Kadi iliitwa Shirley, kwa jina la wa kwanza aliyepigwa. Uso wa Shirley ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi haikuwa katika kipimo. Filme zilianza kurekebishwa kwa sababu wenye viwanda vya chokoleti na wenye kuuza samani za mbao walilalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Ni katika miaka ya 1990 tu ndipo Kodak ilitoa kadi yenye nyuso za mataifa mbalimbali. Jean-Luc Godard, mtu wa sinema, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alisema wazi kwamba filme ile ina ubaguzi.

Tunalisimulia hili kwa sababu leo wengi wanatafuta sura ya filme za zamani. Wanasema filme ilikuwa na ukweli ambao telefone haina: punje zake, wekundu wake, vivuli vyake vizito. Ni kweli, ni nzuri. Lakini vivuli vile vizito ndivyo vilivyommeza mama yetu. Anayechukua urembo wa filme achukue na habari zake.

8. Msitu wa waridi

Mwaka 2010 Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, aliingia Kivu, jirani zetu, na filme inayoitwa Aerochrome, ambayo Kodak ilikuwa imeacha kuitengeneza. Ilikuwa filme ya kijeshi na ya uchunguzi toka angani. Inaona mwanga ambao jicho la mtu halioni. Jani bichi linarudisha sana mwanga huo, kitambaa cha kijani cha kudanganyia adui hakirudishi vile vile. Basi jani linatoka jekundu ama la waridi, na askari aliyejificha anaonekana.

Mosse aliipiga nayo milima, wakimbizi, waasi wenye bunduki. Msitu wote ukawa wa waridi. Kazi hiyo aliiita Infra, na filme yake The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013 katika nyumba ya Ireland.

Watu wakagawanyika. Wanaomtetea wanasema: vita vya mashariki ya Kongo vimeua watu wengi sana na dunia imezoea kutoviona. Rangi ile iliwashtua wasimame. Wanaompinga wanasema: maumivu yetu yamekuwa pambo la ukutani.

Sisi tulibishana pia. Tulipofikia ni hapa. Mosse hakuficha, alitaja filme yake na sababu yake, na hilo ni heri kuliko fundi wa kadi. Lakini kwa mtu wa kwetu, kijani cha msitu si rangi ya kujificha askari tu. Ni msitu ule uliowaficha mama na watoto wakati wa vita, wakala majani yake na mizizi yake. Mtu aliyelala humo miezi mitatu hawezi kuuona wa waridi. Picha ile inasema kweli juu ya vita, lakini haisemi lolote juu ya msitu. Mbaya zaidi, wengine waliiga rangi tu. Siku hizi kuna programu za kugeuza majani yoyote kuwa waridi, pasipo vita, pasipo swali, kwa ajili ya uzuri.

9. Filtre za leo

Mwaka 2000 filme ya ndugu Coen, O Brother, Where Art Thou?, ilikuwa mojawapo ya za kwanza kugeuzwa rangi yote katika kompyuta. Walipiga Mississippi wakati majani yamestawi, lakini walitaka vumbi na ukame. Roger Deakins, mtu wa kamera, alikaa wiki nyingi akigeuza kijani kuwa dhahabu kavu. Mwaka ule ule Traffic ilionyesha Meksiko yote ya manjano, na tangu hapo sinema nyingi zikifika nchi za joto zinaweka manjano, kama kwamba jua la maskini si jua lile lile.

Mwaka 2010 ikaja Instagram, kisha programu nyingine zenye kuuza mapishi ya rangi yaliyofanana na filme za zamani. Kazi iliyomchukua Cardiff sanduku zito na Deakins wiki nyingi, kijana wa Alunguli anaifanya akiwa amekaa katika mtumbwi, kabla hajafika ng'ambo.

Kazi yenyewe inaeleweka. Vivuli vinapewa buluu-kijani. Ngozi na mwanga vinapewa machungwa, kwa sababu rangi hizo mbili zinapingana na jicho linavutwa. Weusi unalegezwa uwe kama ukungu. Punje zinaongezwa. Shida ni kwamba mapishi ni yale yale kila fasi. Jiji la Ulaya, jangwa, na gati letu vinatoka katika chungu kimoja. Ukitazama picha za wasafiri mia, unajua filtre, hujui mji.

Na kuna wanaotumia kompyuta kwa njia nyingine. Sammy Baloji wa Lubumbashi aliwachukua Michel na Dardenne, wale wawili wa mwaka 1898, akaweka pamoja picha nyeusi-nyeupe za mmoja na michoro ya rangi ya mwingine, ikaonyeshwa Tervuren mwaka 2011 kwa jina Congo Far West. Katika kazi yake nyingine, Mémoire ya mwaka 2006, aliwaweka wafanyakazi wa zamani, weusi-weupe, juu ya magofu ya viwanda ya leo yenye rangi. Hakuwapaka wafu rangi ili wawe kama wa jana. Aliacha mshono uonekane, mtazamaji ajue hapa ni zamani na hapa ni sasa. Sisi tunaona hapo kuna fundisho.

10. Tulipofikia

Turudi kwenye ganda. Katika mkutano wa pili kijana wetu aliondoa filtre kama alivyoagizwa. Tulingoja mzee afurahi. Akatazama, akatikisa kichwa:

« Bado. Hii ni mayi ya kufula. »

Kweli, maji yalikuwa ya kijivu. Kijana akaeleza kwamba telefone yenyewe inachagua rangi: inapima mwanga, inajaribu kufanya nyeupe iwe nyeupe, na wekundu wa udongo inauona kama kosa la kusahihisha. Kumbe hata pasipo filtre kuna filtre. Kama sahani za mwaka 1890, ila hii ni ya kiwanda kipya.

Ndipo tulipofanya jambo ambalo tungefanya tangu mwanzo. Tulishuka wote mpaka pwani, saa ile ile ya picha. Mzee akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, kijana akashika telefone karibu na maji, na akaanza kugeuza rangi pole pole. « Ongeza udongo, » mzee anasema. « Punguza. Iko sawa na chai yenye maziwa kidogo, haiko kakao. Sasa weka mwanga pale juu. » Akachota maji mkononi, akayaweka kando ya kioo cha telefone, akalinganisha. Ilichukua karibu nusu saa. Mwisho akasema: « Njo ile. »

Kwa hiyo tumejifunza kwamba kugeuza rangi kunaweza kuwa njia ya kurudi kwenye ukweli, si ya kuukimbia tu, sherti jicho liwe la mwenye mto. Toka hapo tumekubaliana mambo manne kwa picha zote za chama chetu. Kwanza, picha ya asili itunzwe bila kuguswa, na nakala yake iwekwe fasi ya pili. Pili, kila picha iandikwe siku, mwezi na saa, kwa maana Lualaba ya mvua na Lualaba ya kiangazi haviko na rangi moja. Tatu, iliyogeuzwa rangi kwa ajili ya urembo itajwe hivyo chini yake. Nne, mwenye uso aulizwe kama ngozi ile ni yake.

Picha ya kijana ya buluu na machungwa hatukuitupa. Iko ndani ya kitabu, imeandikwa chini yake: « Imegeuzwa rangi kwa mtindo wa sinema. » Ya ganda ni ile iliyolinganishwa na maji ya kiganja cha mzee, mwezi wa nane, saa kumi na moja ya jioni. Msomaji mwenye mashaka avuke Alunguli saa hiyo, akaribie maji na kitabu mkononi, atazame mwenyewe.